Shoferi wa Njia ya Masisi

Goma haijui theluji. Lakini ikifika Septemba, mvua huanza kuipiga milima ya Masisi, na barabara inayopanda kutoka Sake, kama kilomita 25 magharibi mwa mji, huwa na utelezi unaoweza kuua kama barafu. Hapo ndipo shoferi wa lori anapotofautiana na mtu anayeshika usukani tu. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa wa mji huu, pamoja na seremala na mwashi, ingawa kazi yake ikikamilika haionekani: mzigo umefika, basi.

Shoferi aliyekomaa hapa amesoma ardhi za namna mbili. Kuna mawe ya volkano, kama yale yaliyomwagwa na Nyiragongo katikati ya mji mwaka 2002: hukata matairi, lakini hayazamishi gari. Kisha kuna udongo wa milimani, laini, usiokata kitu, unaomeza magurudumu hadi ekseli. Kwa hiyo ustadi wake huanzia miguuni. Penye tope hushuka, huingia na fimbo kupima kina, hutafuta palipo pagumu chini ya maji, humuuliza anayetoka upande wa pili. Konvoyeri, yaani msaidizi wake garini, huwa tayari na koleo, na kabari za kuzuia magurudumu.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Matopeni upole huo una masharti, kwani anayesita katikati huzama. Shoferi huchagua gia nzito kabla ya kuingia, hukanyaga mafuta kwa kiasi kilekile, wala habadilishi gia mpaka atoke. Kwenye mteremko, akiwa amebeba viazi, maharagwe na jibini ya Masisi, huiachia injini kazi ya kulizuia lori. Breki ya ghafla hufunga gurudumu, na gurudumu lililofungwa halitii usukani.

Kanuni hiyo hiyo huwaongoza Wakongo wanaoendesha magari kwenye theluji ya Montréal, Kanada. Tofauti ni kwamba huko, katika jimbo la Québec, sheria inamlazimisha kila mwenye gari kufunga matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na serikali husafisha barabara. Kwenye njia ya Masisi hakuna anayemfanyia shoferi hesabu hiyo. Jicho lake ndilo sheria, na dhamiri yake ndiyo polisi.

Ndiyo maana tendo lake la juu kabisa ni kukataa. Mvua ikizidi, huzima injini, huwashusha abiria waliokaa juu ya magunia, na kusema: leo tunalala hapa. Inahitaji moyo kusema hivyo wakati jibini inaharibika, akina mama wanasubiri viazi katika soko la Virunga mjini Goma, na mwenye mali anapiga simu kila saa kuuliza, "Umefika wapi?"

Tunaokula vilivyopita njia hiyo tuna deni kwake. Tusimsifu tu yule aliyefika usiku wa mvua kwa bahati. Tumsifu aliyefika kesho yake na watu wake wote wakiwa wazima. Na wenye mali waiandike siku ya kulala njiani katika mapatano tangu mwanzo, wailipe kama siku ya kazi, kwa sababu ni ya kazi.