Hoja Huanzia Mdomoni: Insha ya Exetat katika Shule za Kalehe

Mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao kila mtu huuita Exetat, ulianza mwaka 1967. Katika siku nne za kikao chake cha kawaida mtahiniwa hatungi hata sentensi moja. Maswali yote huja kwa itemu: swali moja, majibu kadhaa, naye huchagua moja na kuweka alama. Wiki kadhaa kabla ya siku hizo hutangulia kikao cha awali, na hapo finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, hupewa mada na karatasi tupu aandike insha iitwayo disertasyo kwa Kifaransa. Katika mtihani mzima, ukurasa huo ni karibu wa pekee unaobeba maneno yake mwenyewe.

Wilaya ya Kalehe, ambayo Wakongomani huiita teritware, imelala kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Kivu, kaskazini ya Bukavu, na inagawanyika katika usultani wa Buhavu na ule wa Buloho. Mtoto wa Ihusi huamka na Kihavu, wa Bunyakiri na Kitembo, na katika milima ya juu wako wanaoamka na Kinyarwanda. Sokoni na barabarani wote hukutana katika Kiswahili. Kifaransa humngoja darasani. Katiba ya 2006 ilikipa Kifaransa nafasi ya lugha rasmi, ikakiweka Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 nayo inakubali lugha za taifa au za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia na zifundishwe kama somo. Hata hivyo, mwanafunzi anapofika umanite, yaani miaka minne ya mwisho ya sekondari, Kiswahili huwa kimekwisha kubaki nje ya mlango. Anaandika insha yake ngumu kuliko zote katika lugha yake ya tatu.

Aina hii ya insha ina ukoo mrefu. Wajesuiti walipotoa mpango wao wa masomo mwaka 1599, waliweka ngazi ya sarufi chini, ya fasihi katikati, na ya balagha juu yake. Wabelgiji waliurithi mpango huo na kuuleta Kongo. Chini yao mwaka wa mwisho wa umanite uliitwa Rhétorique, na wa kabla yake Poésie. Mjini Bukavu Wajesuiti walifungua chuo chao mwaka 1938, nacho leo kinaitwa Alfajiri. Ufaransani, kuelekea mwisho wa karne ya 19, hotuba za kuigiza za darasa la balagha zilipisha disertasyo, yaani insha ya kupima kauli. Kilichopotea katika mabadiliko hayo ni sauti. Mwanafunzi wa balagha alisimama akasema mbele ya wenzake; wa disertasyo huketi akaandika peke yake. Hasara hiyo inaonekana hadi leo katika madarasa ya Kalehe, na ndiyo chanzo cha mengi yanayofuata hapa.

Ukifungua daftari la mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa umanite utalikuta limejaa. Vitabu ni haba, kwa hiyo mwalimu huandika ubaoni na darasa hunakili, au husoma polepole na darasa huandika. Kurasa mia zinaweza kupita bila sentensi moja iliyotoka kichwani mwa mwenye daftari. Mkono umezoea kalamu, lakini akili haijazoea kuamua neno lipi lifuate. Kadiri Exetat inavyokaribia, jioni nazo huliwa na mazoezi ya itemu. Finalisti hufika mbele ya karatasi tupu akiwa na mwandiko mzuri na mpango aliokariri.

Mpango wenyewe ni huu. Utangulizi huleta mada, huiuliza swali, kisha hutaja njia itakayofuatwa. Kiini kina sehemu tatu ambazo wanafunzi huzijua kwa majina ya Kifaransa: thèse, antithèse, synthèse, kauli hutetewa, hupingwa, halafu hupatikana la kuzipita zote mbili. Hitimisho hufunga. Hakuna ubaya katika mpango huo. Ubaya huingia unapofundishwa kama fomu ya ofisini ambayo kila kisanduku chake ni lazima kijazwe. Utangulizi hujazwa na habari za tangu kuumbwa kwa dunia. Hoja kinzani hujazwa na kauli ileile ya mwanzo iliyotiwa neno la kukanusha. Sehemu ya tatu, iliyo ngumu kuliko zote, hupewa mistari miwili ya kusema kwamba kila upande una haki yake.

Kwenye hoja kinzani ndipo insha nyingi hufia, na sehemu hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kijana anayeandika kwamba wengine husema sivyo hajamsikiliza mtu yeyote. Amemtunga mpinzani dhaifu ili amwangushe kwa urahisi. Hata hivyo kijana huyohuyo amekua karibu na baraza. Katika vijiji vya Kivu, shauri la mpaka wa shamba au la mbuzi aliyekula mihogo ya jirani hupelekwa mbele ya wazee. Mlalamikaji husema hadi amalize, mshtakiwa naye husema hadi amalize, kisha mzee huyarudia maneno ya kila upande kwa namna ambayo mwenyewe ataitikia kwamba ndivyo alivyosema. Hukumu huja baada ya hapo. Mzee akimnukuu mtu vibaya hukatizwa papo hapo. Kazi ya antithèse ni hiyo hasa: kuyasema maneno ya mwingine mpaka mwenyewe aitikie.

Kwa sababu hiyo njia inayozaa matunda ni ile inayoanza na mdomo, na inayoanza kwa Kiswahili. Mwalimu huandika kauli moja ubaoni. Darasa hugawanyika. Upande wa kwanza husema, na kabla upande wa pili haujajibu, mmoja wao hutakiwa ayarudie aliyoyasikia. Upande wa kwanza ukikataa, hurudia tena. Kalamu hazishikwi mpaka kila upande umekubali kwamba umeeleweka. Walimu wengine huogopa kwamba Kiswahili kitaharibu Kifaransa. Ukweli ni kwamba hakuna lugha inayoharibika kwa kutanguliwa na fikra, na mwanafunzi asiyejua anachotaka kusema hatakijua kwa kuzuiwa kusema.

Kiswahili cha Bukavu na Kalehe kina viungo vya hoja vilivyo tayari kabisa. Mtu husema «juu» akimaanisha kwa sababu, na «njo maana» akimaanisha ndiyo maana. Kijana anayesema «mvua ilikuwa mingi, njo maana daraja ilibebwa» amekwisha kutoa sababu na tokeo kwa mpangilio sahihi. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba «njo maana» yake ndiyo «c'est pourquoi», kwamba «juu» yake ni «parce que», na kwamba «ni kweli, lakini» anayoitumia kila siku akibishana na kaka yake ndiyo «certes… mais» ambayo msahihishaji huitafuta. Ukuta mmoja wa darasa ukibandikwa viungo kama kumi vya namna hii, safu mbili sambamba, husaidia kuliko kurasa ishirini za kanuni za kunakili. Kuna makosa ambayo hayataondoka kwa njia hii. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika «yeye», kwa hiyo «il» na «elle» zitaendelea kuchanganywa, na jinsia ya majina ya Kifaransa itataka mazoezi yake peke yake.

Mfano mmoja uonekane kwa karibu. Mada ni hii: wakazi wa kandokando ya mito ya Kalehe wahamishwe. Mada hii inagusa vifo, na katika darasa lolote la ufuko huu kunaweza kuwa na mtoto aliyezika ndugu. Mwalimu mwenye utu huweka mada ya pili pembeni ili asiyetaka asilazimishwe. Utangulizi wa fomu ungesema kwamba tangu zamani binadamu hupambana na majanga. Sentensi hiyo inaweza kubandikwa juu ya insha yoyote ya nchi yoyote, na hiyo ndiyo alama ya kwamba haifai. Utangulizi unaofaa huanza na siku: Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na tope juu ya vijiji vya Nyamukubi na Bushushu, na watu zaidi ya 400 wakafa. Kisha swali: je, kuwahamisha watu kungezuia vifo hivyo?

Kabla ya kutetea chochote, maneno ya mada hupimwa. «Kandokando» ni mita ngapi? «Wahamishwe» na nani, wapelekwe wapi, na shamba jipya litalipwa na nani? Mwanafunzi aliyezoea kunakili huruka hatua hii, na insha yake hulipa. Utetezi wa kauli si mgumu: miteremko ni mikali, misitu imekatwa, maji hupita njia ileile, na mafuriko yaliupiga ufuko huu hata Oktoba 2014. Upande wa pili ndio unaotaka sikio. Mama anayeuza samaki na ndizi hakujenga hapo kwa ujinga. Uwanda wa mdomo wa mto ndio mahali tambarare pekee kati ya mlima na ziwa. Mitumbwi hutia nanga hapo, barabara ya Goma na Bukavu hupita hapo, na soko hukaa panapofika mtumbwi na gari. Wengine walishuka kutoka vijiji vya juu wakikimbia vita. Kumwambia mtu kama huyo ahame ni kumwambia aache riziki. Mwandishi anayeweza kuandika aya hiyo kwa haki, ilhali yeye mwenyewe anataka watu wahame, amekomaa.

Sehemu ya tatu huzaliwa na swali ambalo pande zote mbili hazikuuliza: ni lazima mtu alale pale anapouza? Kutoka hapo huja pendekezo jipya, kwamba nyumba ziondoke midomoni mwa mito lakini soko na gati vibaki, miti irudishwe kwenye miteremko ya juu, na watu wawe na namna ya kupewa taarifa mvua inapozidi mlimani. Pendekezo hilo linaweza kupingwa, na ni vema lipingwe. Lakini haliwezi kuandikwa na mtu aliyegawa haki nusu kwa nusu.

Mifano ya kusoma pia iko karibu. Hotuba ambayo Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi aliitoa Oslo tarehe 10 Desemba 2018, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani, yafaa ichambuliwe katika kila shule ya Kivu Kusini. Haianzi na amani duniani. Inaanza na usiku mmoja, wa tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera iliposhambuliwa. Baadaye inamleta mtoto wa miezi 18 aliyefikishwa hospitalini Panzi akiwa amejeruhiwa, na inautaja mji mdogo wa Kavumu, ambao kila asafiriye kwa barabara kutoka Bukavu kwenda Kalehe huupita. Baada ya msikilizaji kuona ndipo inakuja sababu, yaani kukosekana kwa utawala wa sheria, na ndipo inatajwa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyoachwa ndani ya droo. Mwisho wajibu unarudishwa kwa wasikilizaji, wanunuzi wa simu zenye madini ya Kongo. Mwanafunzi akichora mpangilio huo pembezoni mwa karatasi, tukio, mtu, sababu, ushahidi, dai, atagundua kwamba thèse na antithèse si njia pekee ya kujenga hoja, na kwamba mtu wa kwao amesimama mbele ya ulimwengu kwa kazi ileile anayofundishwa yeye.

Usahihishaji ndio mlima wa mwalimu. Karatasi 50 kwa dakika 12 kila moja ni saa kumi, na hakuna anayelipwa kwa saa hizo. Matokeo yake disertasyo hutolewa mara mbili au tatu tu kwa mwaka, zikarudi na wino mwekundu juu ya kila kosa la sarufi, huku hoja ikiwa haijaguswa. Ni afadhali kuandika mara nyingi vipande vidogo. Wiki moja ni utangulizi pekee, mistari sita. Wiki nyingine ni aya ya upande wa pili, na anayeisahihisha kwanza ni mwanafunzi wa upande huo; akisema «sivyo nilivyosema», aya inaandikwa upya. Mwalimu husoma kumi kati ya hizo na kuziandika mbili ubaoni bila majina. Makosa ya sarufi huchaguliwa aina moja kwa wiki. Insha nzima huandikwa mwishoni mwa kipindi, wakati kila kiungo chake kimekwisha kushikwa mkononi.

Njia hii hulipa pia katika Kifaransa cha mdomo, ambacho ni sehemu nyingine ya kikao cha awali. Mtahiniwa aliyezoea kurudia maneno ya mwenzake kabla ya kujibu hasiti mbele ya mwalimu asiyemjua, kwa kuwa jambo la kwanza analofanya ni kulisema upya swali aliloulizwa.

Mwalimu wa Kifaransa wa Kalehe asingoje mwaka wa finalisti. Aanze wiki hii na darasa la kwanza la umanite: mada moja ya kijijini kwao, pande mbili, dakika 15 za Kiswahili, halafu mistari sita ya Kifaransa.