Insulini Haikupaswa Kupitia Mkononi

Dripu iliwekwa mkononi, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Nazungumzia yale majaribio ya miaka ya 1980, ya kuwapa watu walioumizwa ini na pombe insulini pamoja na glukagoni ili ini liote upya. Kuziunganisha homoni hizo mbili kulikuwa sahihi. Mtafiti Nancy Bucher alishaonyesha kwa panya, mwaka 1975, kwamba moja peke yake haitoshi. Kuongeza glukosi ili sukari ya damu isishuke, sahihi pia.

Lakini mkononi? Kongosho humwaga insulini kwenye vena ya lango, ile inayopeleka damu kwenye ini, nalo ini huipokea kwanza ikiwa bado nzito, na karibu nusu yake huishia humo humo. Ukiipitishia mkononi, misuli na mafuta navyo vinaichota, ini linabaki na kile kile kinachopatikana mwili mzima. Ukitaka lipate zaidi, unaongeza dozi. Ukiongeza dozi, sukari inaporomoka. Ndiyo yaliyowakuta wagonjwa, na nafuu iliyotarajiwa haikuthibitika. Kisha ikasemwa homoni hazifai! Iliyoshindwa ni njia.

Daktari mpasuaji Thomas Starzl alikwisha kulimaliza suala hili la njia. Aliichepusha damu ya vena ya lango isipite kwenye ini la mbwa, halafu akatiririsha insulini katika tawi la kushoto la vena hiyo tu. Kushoto seli ziligawanyika na kuhifadhi ukubwa wake. Kulia, ndani ya ini lile lile, zikasinyaa. Siku hizi, badala ya seli zilizogawanyika, ushahidi tunaoletewa ni uzito wa ini la panya kijana mwenye afya, kana kwamba ini lililojaa mafuta na maji halina uzito. Nimelipinga hilo miaka yote na bado nalipinga.

Utetezi wa waliofanya majaribio yale naujua: kuchoma vena ya lango kwa mgonjwa ambaye damu yake haigandi ni hatari. Kweli. Basi wangeanza na waliokatwa sehemu ya ini. Insulini hulisha mgawanyiko wa seli ulioanza, haiuanzishi, na ini lililokatwa limeshaanza lenyewe. Tumbo liko wazi mbele ya daktari. Anaweza kuacha katheta ndani ya tawi la vena ya lango, au aizibue vena ya kitovu iliyojifunga tangu utotoni, ambayo humfikisha moja kwa moja kwenye tawi la kushoto, lile lile alilolitumia Starzl.