Mfereji au Mlango? Istilahi za Umeme wa Neva

Waandishi wanaoeleza jinsi neva inavyopeleka habari hupenda mfano wa waya wa simu. Mfano huu wapendeza, lakini wapotosha. Katika waya umeme hupita kutoka ncha hii hadi ile. Katika neva ioni hukatiza utando wa seli, zikiingia na kutoka ubavuni, na msukosuko wa mahali pamoja ndio uamshao mahali pa pili. Seli ikitulia, ndani yake huwa hasi kuliko nje kwa milivolti 70 hivi. Sodiamu, iliyo tele nje, ikiingia, ndani hugeuka chanya. Potasiamu ikitoka, hali ya awali hurudi. Hayo yote huchukua kama milisekunde 1.

A. L. Hodgkin na A. F. Huxley, walioyapima hayo katika neva nene ya ngisi, walikuwa waangalifu wa lugha kuliko wengi waliowafuata. Katika maandishi yao ya 1952 walionya kwamba kufaulu kwa milinganyo yao si ushahidi wa jinsi njia za ioni zilivyo. Mkondo wa njia moja peke yake ulipimwa na Neher na Sakmann 1976, na umbo la njia ya potasiamu, ya bakteria, likachapishwa na MacKinnon na wenzake 1998. Sitiari, basi, ilikitangulia kitu. Sisi tuundao istilahi leo hatuna udhuru huo.

Tuiite njia hiyo nini? “Chaneli” haina kosa ila moja: haimwambii msomaji lolote, isipokuwa labda kumkumbusha televisheni. “Mfereji” una uhai zaidi, hasa kwetu Kenya ambako ni handaki la maji na pia bomba la kufungulia. Lakini handaki li wazi daima, na bomba hungoja mkono. Njia ya sodiamu hufunguliwa na badiliko la volti lenyewe.

Hapo ndipo “mlango” unaposhinda. Kiswahili hutenga kushindika na kukomea, na njia ya sodiamu yataka vitenzi vyote viwili. Seli ikitulia, mlango umeshindikwa tu: volti ikipanda, hufunguka. Punde hukomewa, na hata volti ikibaki juu haufunguki tena mpaka seli irejee utulivu wake. Anayeandika “imefungwa” kwa hali zote mbili amemnyima mwanafunzi sababu ya neva kupumzika kidogo baada ya kila mshtuko.

Hata hivyo, yuko bunju. Sumu ya samaki huyo, aogopwaye na wavuvi wetu, hukaa mdomoni mwa njia ya sodiamu kwa upande wa nje, ioni zisipite. Kitenzi chake ni kuziba, na mlango hauzibwi. Lizibwalo ni tundu au mfereji. Kwa hiyo napendekeza “mfereji” liwe jina la njia nzima, na “mlango” libaki kwa kile kiungo chake kinachoshindikwa na kukomewa.