Nyimbo Zilizopita Ukutani

Watu wakiandika kuhusu muziki wa maisha yao huanza na kuchagua: nilimsikia huyu, nikampenda, nikatafuta albamu. Mimi sikuchagua kitu. Nilizaliwa Lindi, Kibera, kwa ploti ya vyumba sita vya mabati, na kwa mabati muziki ni wa mwenye redio kubwa. Upende usipende, kufikia Jumapili utakuwa unajua wimbo wote, hadi pale kanda inakwaruza.

Redio kubwa ya ploti yetu ilikuwa ya mzee wa mlango wa tatu, fundi wa viatu. Stima ya sambaza ikipotea alitumia betri, na betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu kidogo. Kurudisha kanda nyuma ilikuwa kazi yetu watoto. Unaingiza biro kwa tundu, unazungusha pole pole, ndio betri zisiishe bure. Malipo yalikuwa kukaa mlangoni kwake na kusikiliza.

Mzee alikuwa mtu wa benga, na kwa benga alikuwa mtu wa D.O. Misiani na Shirati Jazz. Kwetu hakuna aliyejua Kijaluo. Nilipokuwa mkubwa ndio nikajua kwamba Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, na kwamba hadithi zake za wanyama zilikuwa mafumbo ya siasa yaliyomtia mashakani na serikali. Wakati huo, kwangu, ilikuwa gitaa tu.

Na si unajua, benga iliyopita ukutani si ile ya spika nzuri. Maneno hupotea, besi hubaki mtetemo kwa sufuria, lakini gitaa hufika zima. Huchezwa juu, safi, noti moja moja, haraka kama vidole vya mama anayechambua maharagwe. Wanaoujua muziki huu husema gitaa hilo limeifuata nyatiti. Na lina subira. Wimbo unaanza kwa kuimba, gitaa likijibu chini chini, kisha waimbaji wanakaa kando na gitaa linashika njia lenyewe. Zamani za santuri ndogo wimbo ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi utamu huo uliangukia upande wa pili. Mtangazaji mwenye haraka anacheza upande wa kwanza, analeta matangazo. Kanda za mzee zilikuwa na pande zote mbili. Ndio maana hadi leo wimbo wa dakika mbili huniacha na njaa. Sio ati ni mbaya. Ni vile nilifundishwa kungoja.

Halafu Machi 2003 E-Sir akafa kwa ajali ya barabarani. Alikuwa kijana wa South C, mtu wa Kiswahili cha mtaani lakini chenye vina vilivyonyooka, na redio zilimcheza kutwa. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na kanda yangu. Mzee alikuwa ameniachia moja niirudishe. Nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi niliyotafuna, nikaiingiza kwa redio ya mamangu, nikarekodi E-Sir juu ya Misiani. Karibu upande wote.

Nilimrudishia bila kusema kitu. Jioni ile hakukuja benga ukutani. Alikuja E-Sir, na mtangazaji akiongea juu yake. Nikangoja kuitwa. Mzee hakuniita, aliacha kanda icheze. Kesho yake akaniuliza, "Huyu kijana anaitwa nani?" Nikamwambia jina, na kwamba amekufa. Akanyamaza kidogo. "Na alikuwa anajua kupanga maneno," akasema, akanipa ile kanda niweke.

Huo ndio uhakiki wa kwanza niliowahi kusikia, na nimesoma mwingi tangu hapo ambao haukuufikia. Mtu aliyeharibiwa mali yake alisikiliza kwanza, kisha akasema jambo moja la kweli. Ukiisikiliza albamu ya *Nimefika* leo, mapigo mengine yamezeeka. Mpangilio wa maneno haujazeeka.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, redio za ploti zilishuka sauti. Wimbo ulikuwa umegeuka kitambulisho. Lugha ya redio yako ilisema ulimpigia nani kura, ama watu walidhani hivyo. Majina yetu ya mwisho hayakufaa mtaa ule tena. Februari 2008 tulipakia vitu kwa mkokoteni tukashika Ngong Road kwenda Kawangware. Mzee ndiye aliyetusaidia kufunga kamba. Mimi nilibeba sufuria, na ndani ya sufuria ile kanda.

Kawangware niliichukia benga, sitadanganya. Nikisikia gitaa lile kwa matatu ya 46, tumbo linakaza. Mzee hakutufanyia ubaya wowote, lakini waliotufanyia walipenda nyimbo alizopenda yeye. Mtu wa miaka kumi na nne hatenganishi hayo.

Muziki wa kwanza niliouchagua mwenyewe ulikuja baadaye, kwa simu, spika zikiwa masikioni: Octopizzo. Kabla yake rap ya Nairobi ilikuwa na ramani yake. Kalamashaka walikuwa wa Dandora, Jua Cali wa California. Kibera ilikuwa mahali pa habari za saa moja na wageni wenye kamera. Yeye akachukua namba ya matatu, Namba 8, akaigeuza jina la kujivunia. Nilikuwa nimefukuzwa huko, na bado nilijiona mwenyeji kila alipoitaja. Lakini kasoro naisikia. Akianza kujisifu muda mrefu, mtaa unakuwa ukuta wa kupigiwa picha tu. Nyimbo zake zina mtaa mwingi na majirani wachache.

Benga nilirudishiwa na ukuta mwingine. Tulikuwa tunakaa Gatina. Upande mmoja jirani alipiga D.K. Kamau kwa Kikuyu. Upande wa pili alikuwa Sukuma bin Ongaro kwa Kiluhya. Jumamosi, kwa bucha ya barabarani, ni Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers kwa Kikamba. Maneno yakapotea kwa mabati kama kawaida, na kilichobaki kilikuwa gitaa lile lile. Usiku mmoja nililala nikijaribu kusema hili ni la nani, nikashindwa.

Ningependa kumalizia hapo, niseme gitaa lilitupatanisha. Halikutupatanisha. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, Kawangware iliwaka. Watu waliuawa, mali ikachomwa, na waliochoma na waliochomewa wangeweza kucheza wimbo mmoja kwa harusi. Gitaa lilipita ukutani, sisi tukabaki kila mtu upande wake. Kwa hivyo mtu akiniambia muziki hauna kabila, namwangalia tu. Muziki una lugha, na kuna miezi ambayo lugha inaua. Unachoweza kufanya ni kidogo kuliko hicho: kukufanya umjue mtu kabla hujamuuliza jina la mwisho.

Siku hizi naishi ghorofani, bado Kawangware, ukuta wa mawe. Kila mtu ana spika zake masikioni. Ni amani, na sijui jirani yangu anapenda nini. Lindi nimerudi mara mbili. Mlango wa tatu una mtu mwingine, na hakuna aliyeweza kuniambia mzee alienda wapi.

Mwaka jana nilipata redio kaseti Toi Market, nikaja nayo nyumbani nikaweka ile kanda. E-Sir akaja, sauti imechakaa kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba sikurekodi hadi mwisho. Mtangazaji akakatika katikati ya neno, kukawa na mkwaruzo, halafu gitaa la Misiani likaingia likiwa tayari katikati ya safari, pale waimbaji wamekwisha kukaa kando.

Nikaongeza sauti, nikafungua dirisha. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyekuja kuniuliza huyu anaitwa nani.