Kuufungua wimbo wa filimbi za Wanande

Filimbi ya eluma hutoa sauti moja tu. Imezibwa upande wa chini, haina matundu ya vidole, na anayeipuliza, awe fundi kiasi gani, hawezi kuitoa noti ya pili. Wimbo huzaliwa pale wapulizaji wanapopokezana: huyu anatia sauti yake katika pengo aliloachiwa na mwenzake, yule anamdaka, duru inaendelea. Wanande wa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wanayo filimbi hii. Wakonzo, ndugu zao wa ng'ambo ya Ruwenzori upande wa Kasese, wanayo kwa jina hilohilo. Mpulizaji mmoja akiombwa apige wimbo peke yake, atatoa sauti moja na mapengo mengi.

Prodyuza wa Butembo anayetafuta sauti ya kale ya kuwekea biti ya hip-hop lazima alijue hili kabla hajakata kipande chochote. Rekodi za kuanzia zipo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kongo ya Wabelgiji na vyombo vyake vya kurekodia, akawarekodi Wanande pamoja na majirani zao wa ukingo wa msitu wa Ituri, wakiwemo Wambuti. Kanda zake ziliingia katika maktaba ya muziki ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Miongo kadhaa baadaye, Michael Baird wa lebo ya SWP huko Utrecht alichagua baadhi ya nyimbo hizo akazitoa upya kwenye CD.

Tracey alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Jenereta aliiweka mbali, akavuta waya mrefu ili mngurumo usiingie kwenye rekodi. Maikrofoni aliishika mkononi, akaisogeza kwa anayeongoza, kisha kwa waitikiaji, kisha kwenye ngoma. Nyimbo nyingi alizifupisha zitoshe upande mmoja wa santuri, takriban dakika 3. Kwa hiyo mpigaji akipanda ghafla katikati ya rekodi, huenda hakuongeza nguvu hata kidogo. Mkono wa Tracey ndio uliomfikia. Na wimbo ukiisha haraka, tusidhani ndivyo ulivyoishia uwanjani. Anayekata sekunde 4 na kuzizungusha chini ya biti anazungusha uamuzi wa mshika maikrofoni, na wapulizaji wanabaki wamegandamana humo, sauti ya huyu haitengani na ya yule.

Dunia imeshafanya hivyo. Mwaka 1966 zilitoka rekodi za mtafiti wa muziki Simha Arom za Wabenzele wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ndani yake kuna hindewhu, kifilimbi cha sauti moja ambacho mpulizaji hukipokezanisha na koo lake mwenyewe. Mwaka 1973 mpiga ngoma Bill Summers aliiga mbinu hiyo kwa kupuliza chupa ya bia mwanzoni mwa "Watermelon Man", katika albamu ya Herbie Hancock, Head Hunters. Mwaka 1994 Madonna akachukua sampuli kutoka rekodi hiyo ya Hancock kwa ajili ya "Sanctuary". Namheshimu Summers, kwa kuwa alijifunza kwa mdomo wake jinsi sauti na pumzi zinavyopishana. Lakini ngazi kwa ngazi Wabenzele walizidi kufifia, hadi msikilizaji wa pop hakuwa na njia ya kujua kwamba wapo.

Njia bora aliionyesha Arom mwenyewe. Alikutana na wapiga pembe wa jamii ya Banda-Linda, hukohuko Afrika ya Kati, ambao kila pembe yao hutoa noti moja na kundi hufika pembe 18. Kwanza alirekodi kundi zima. Kisha alimvisha mpigaji mmoja hedifoni, akamrudishia sauti ya kundi, naye akapiga sehemu yake tu huku mashine ya pili ikirekodi. Akaendelea hivyo, mpigaji baada ya mpigaji, mpaka kila sehemu ikasimama kwenye utepe wake. Walioamua kama sehemu imekaa sawa ni wapigaji wenyewe, na hapo ndipo uzito wa mbinu hii ulipo. Wakati huo ilihitaji mashine nzito. Leo zinatosha simu mbili na hedifoni.

Jambo la pili ni tyuni. Tracey alitembea na uma 54 za kupimia sauti, kuanzia mitetemo 212 kwa sekunde hadi 424, kila uma ikipanda kwa 4, kwa sababu alijua ngazi za sauti za vyombo hivi hazifuati piano. Studio ikiweka kinanda cha kielektroniki chini ya filimbi bila kukirekebisha, vitagongana, na lawama zitaangukia filimbi. Kinachopaswa kusogezwa ni kinanda. Programu nyingi za muziki huruhusu kila noti ipandishwe au ishushwe kidogo.

Mbinu ya Arom inafaa zaidi hapa kuliko ilikozaliwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza watu vijijini kuelekea Oicha, Beni mjini na Butembo. Muziki wa mtu mmoja, kama wa zeze au likembe, huhama na mwenyewe. Muziki wa kupokezana hauhami hivyo, maana wapulizaji wakikimbilia miji mitatu, hakuna mji wenye wimbo. Lakini sehemu zikirekodiwa mojamoja hawalazimiki kukaa pamoja. Aanze anayefungua duru, hata kama yuko Oicha. Sauti yake itumwe Butembo, wa pili aisikilize kwenye hedifoni na kujibu, kisha zote mbili zivuke Kasindi na Mpondwe zimfikie Mkonzo wa Kasese anayekumbuka sehemu ya tatu. Kila faili liandikwe jina la mpulizaji na namba ya filimbi yake katika seti, na biti isiwekwe mpaka wao wenyewe waseme duru imefunga.