Akiba ya Sekunde: Ufundi wa Kubashiri Mchujo wa Boston

Aprili 1988, Ibrahim Hussein wa Kenya alimpiku Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja katika marathoni ya Boston: 2:08:43 kwa 2:08:44. Sisi huku tunaijua Boston kwa vita vya namna hiyo, vya watu wa mbele. Lakini nyuma yao hukimbia maelfu ya wakimbiaji wa ridhaa, walimu na wauguzi na mafundi wanaofanya mazoezi alfajiri kabla ya kwenda kazini, na hao nao wanapigania sekunde. Tofauti ni kwamba sekunde zao huamuliwa Septemba, miezi saba kabla ya mbio, na wapo watu wachache huko Marekani waliojifunza kubashiri uamuzi huo kabla haujatangazwa. Kazi yao inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Kwanza tuelewe mchujo wenyewe. Chama cha Riadha cha Boston, BAA, huweka kigezo cha muda kwa kila rika na jinsia. Kwa mbio za 2026, mwanamume wa miaka 18 hadi 34 alitakiwa awe amemaliza marathoni inayotambulika kwa 2:55:00 au chini yake, na mwanamke wa rika hilo kwa 3:25:00. Kufikia kigezo, hata hivyo, ni ruhusa ya kuomba tu. Waombaji wakizidi nafasi, chama hutazama akiba, yaani dakika na sekunde ambazo mtu ameziokoa chini ya kigezo chake. Mwenye kigezo cha 3:10 aliyekimbia 3:02 ana akiba ya dakika 8. Wenye akiba kubwa huingia kwanza, na hesabu inashuka hivyo mpaka nafasi ziishe. Pale zinapoishia ndipo penye mstari wa mchujo.

Kwa mbio za 2025 waliomba watu 36,393. Waliopokelewa ni 24,069, na 12,324 waliachwa ilhali wote walikuwa wamefikia kigezo. Mstari ulikuwa 6:51. Mwenye akiba ya 6:50 alibaki nyumbani.

Ukizipanga namba za miaka iliyopita, hazionyeshi mwelekeo wowote wa kutegemea. Mwaka 2019 ilikuwa 4:52, mwaka 2020 ikawa 1:39. Mwaka 2022 na 2023 hapakuwa na mchujo, kila aliyefikia kigezo akaingia. Kisha 5:29 mwaka 2024, 6:51 mwaka 2025, na 4:34 mwaka 2026. Anayechora mstari kupitia nukta hizi na kuurefusha hadi mwaka ujao anapiga ramli. Fundi huanza kwingine kabisa: kwenye matokeo ya mbio zenyewe, jina kwa jina.

Marathoni za Marekani hutangaza matokeo yote hadharani, na mtu mmoja mwenye kompyuta na subira anaweza kuyakusanya. Hana haja ya kuzipata mbio zote. Anachohitaji ni mbio kubwa zilezile kila mwaka: Chicago ya Oktoba, New York ya Novemba, ile ya Sacramento ya Desemba, Houston ya Januari, Boston yenyewe, Duluth ya Juni, na nyingine kadhaa. Ni kama karani wa uchaguzi anayefuata vituo vilevile vya kura kila uchaguzi: hajui jumla ya nchi, ila anajua vituo hivyo vimepanda au vimeshuka kiasi gani tangu mara iliyopita. Walioachwa nje ya hesabu mwaka jana wameachwa nje mwaka huu pia, kwa hiyo ulinganisho unabaki wa haki.

Baada ya kukusanya, inakuja kazi ya mikono, na hapo ndipo fundi anapojitofautisha na mwenye haraka. Chukua suala la umri. Kigezo hufuata umri utakaokuwa nao siku ya Boston, si siku uliyokimbia ukafuzu. Karatasi ya matokeo nayo huonyesha umri wa siku ya mbio bila tarehe ya kuzaliwa. Tuseme mwanamume wa miaka 38 alimaliza Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa 3:02. Boston ya 2025 ilifanyika tarehe 21 Aprili. Kama alizaliwa siku yoyote kati ya 9 Oktoba na 21 Aprili, atakuwa ameongeza miaka miwili na kutimiza 40. Kigezo chake ni 3:10, akiba yake dakika 8, na ameingia. Kama alizaliwa Mei, angali na 39. Kigezo ni 3:05, akiba dakika 3, na ameachwa. Mstari uleule mmoja wa matokeo unaweza kuangukia upande wowote.

Kwa mtu mmoja swali hilo halina jibu. Kwa watu elfu lina jibu zuri. Kati ya 9 Oktoba na 21 Aprili kuna siku 195 katika mwaka wa siku 365, yaani zaidi kidogo ya nusu. Basi fundi huwagawa wenye miaka 38 kwa uwiano huo, wengine huku na wengine kule, kisha anarudia hesabu hiyo kwa kila rika na kwa kila mbio, kwa kuwa kila mbio ina tarehe yake. Mwenye haraka angesema umri ulioandikwa unatosha. Angewapoteza watu wengi palepale kwenye mipaka ya rika.

Halafu kuna majina yanayojirudia. Mtu akikimbia Chicago, akarudia Boston, akamalizia Duluth, ataonekana mara tatu na nafasi yake ni moja. Inabidi fundi amtambue kuwa ni yuleyule ingawa Chicago ameandikwa Michael na Duluth ameandikwa Mike, ingawa amehama mji, au ni mwanamke aliyebadilisha jina la ukoo katikati ya mwaka. Anayebaki kwenye orodha ni mtu mmoja, na muda wake bora kuliko yote.

Hali ya hewa haihitaji kubashiriwa, kwa sababu imekwisha kujiandika ndani ya matokeo, lakini fundi lazima aisome ili asidanganywe. Oktoba 2023 Chicago ilikuwa na baridi nzuri. Ndiyo siku marehemu Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35, na baridi ileile iliwabeba pia wa ridhaa waliokuwa nyuma yake. Mwaka 2012 Boston ilipikwa na joto lililopita nyuzi 30, wakafuzu wachache, na mwaka uliofuata hapakuwa na mchujo. Mwenye haraka atasema joto ndilo sababu. Fundi atakumbuka kwamba kwa mbio hizo za 2013 vigezo vyenyewe vilikazwa pia, na atakataa kulipa joto sifa yote.

Sehemu ngumu kuliko zote inabaki: kufuzu si kuomba. Wengi hufikia kigezo na wasiombe. Mmoja hana nauli, mwingine ameshakimbia Boston na imemtosha, mwingine Aprili ana harusi ya mdogo wake. Kwa hiyo baada ya kujua ni wangapi wamefuzu, inabidi kukadiria ni sehemu gani watajitokeza, na hilo fundi hulipata kwa kulinganisha miaka iliyopita: waliofuzu dhidi ya walioomba.

Hapa ndipo ninapoustahi ufundi huu zaidi. BAA inapotangaza idadi ya waombaji, watu huishika idadi hiyo kana kwamba ndiyo yenye siri. Fundi anajua kwamba mwenye akiba ya dakika mbili, aombe asiombe, hausogezi mstari hata kidogo mwaka ambao nafasi zinaishia kwenye dakika tano. Wanaousogeza ni wale walio juu. Jicho lake liko kwa wenye akiba ya dakika sita, kumi, ishirini: wameongezeka au wamepungua, na wana hamu ya kwenda?

Tena mstari husogea kwa kipimo kinachokaribia kujulikana. Gawanya walioachwa mwaka 2025, 12,324, kwa sekunde 411 zilizomo ndani ya 6:51. Unapata watu 30 kwa kila sekunde. Fanya hivyo kwa 2024, walipoachwa 11,039 kwenye 5:29, na unapata karibu 34. Kwa 2026, 8,887 kwenye 4:34, unapata 32. Vigezo vimebadilika, idadi ya waombaji imebadilika, lakini msongamano huo haukubadilika sana. Maana yake ni kwamba ukikosea watu 600 wa juu kati ya 24,000, kosa la asilimia mbili na nusu tu, mstari wako umekosea kwa takriban sekunde 20. Ndiyo maana mbashiri mwaminifu hatoi namba moja peke yake. Hutoa namba na upana wake, na upana huo ni sehemu ya kazi, si woga.

Mwaka 2026 uliwapima wabashiri vizuri. BAA ilikuwa imevikaza vigezo kwa dakika 5 kwa walio chini ya miaka 60. Hesabu ya kitoto ingetoa dakika 5 kutoka 6:51 na kusema 1:51. Mstari ukawa 4:34. Wakimbiaji si vitu vilivyosimama: ukiwasogezea kigezo, wanafanya mazoezi kukifuata, na wengi hukifikia.

Kwa mbio za 2027 kuna fumbo jipya. Njia zinazoteremka mlima sana, ambazo zamani zilitoa akiba nono, sasa zinatozwa. Mteremko wa kuanzia futi 1,500 unaongezewa dakika 5 kwenye muda wa mkimbiaji, wa kuanzia futi 3,000 dakika 10, na wa futi 6,000 au zaidi haukubaliwi kabisa. Kuwaongezea dakika hizo waliokwisha kukimbia huko ni hesabu rahisi. Kujua wangapi wataihama milima na kwenda kutafuta muda wao kwenye tambarare za Chicago ndiyo kazi.

Na ina faida ya kweli. Mkimbiaji mwenye akiba ya dakika 3 mwezi Mei anataka kujua jambo moja: apumzike, au atafute mbio nyingine kabla dirisha halijafungwa Septemba. Mtu asiyemfahamu ameshahesabu maelfu ya majina kwa niaba yake na kumwambia mapema, kwa namba na upana wake, kwamba haitoshi. Bado ana miezi minne ya kukimbia.