Kitufe Kipo, Lakini Je, Kinabofyeka?

Katika kazi zote za kutengeneza programu, ninayoiheshimu kuliko nyingine ni ile ambayo mteja haioni kamwe: kukagua vipengele vya ukurasa kwa majaribio yanayojiendesha kwenye kivinjari. Mpimaji anaandika maagizo machache, kivinjari kinafunguka bila mkono wa mtu, fomu inajazwa, kitufe kinabofywa. Kisha linakuja swali lililobeba ufundi wote: je, tulichokitarajia kimetokea?

Selenium, zana iliyoieneza sana kazi hii, ilianzia Chicago mwaka 2004. Jason Huggins wa kampuni ya ThoughtWorks alichoka kurudia kwa mkono majaribio yale yale ya mfumo wa ndani wa kujazia saa za kazi na gharama, akaandika programu ya kumfanyia. Zana zimekuwa nyingi tangu hapo, ila kulitunga swali vizuri bado ni kazi ya mtu.

Tuchukue kitufe cha kuthibitisha malipo. Mpimaji mgeni huuliza tu kama kipo. Kipo, maana kimeandikwa katika msimbo wa ukurasa, na jaribio linafaulu. Kumbe kinaweza kuwepo kikiwa kimefichwa. Kinaweza kuonekana kikiwa kimezimwa. Na lililo baya zaidi, kinaweza kuonekana na kuwashwa huku juu yake kumebaki pazia angavu la kusubiri ambalo ukurasa umesahau kuliondoa: mteja anabofya, anabofya tena, kimya. Nani atamlaumu akienda kununua kwingine?

Hata maana ya kuonekana si jambo jepesi. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipoidhinisha mwaka 2018 WebDriver, kiwango cha kuendesha kivinjari kwa programu, suala la kama kipengele kinaonekana halikuingizwa kwenye amri rasmi, likawekwa kwenye kiambatisho. Zana ya Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, ina ukali ninaoupenda: kabla ya kubofya, inahakikisha kitufe kinaonekana, kimewashwa, kimetulia mahali pamoja, na kwamba mbofyo utakifikia chenyewe, si kitu kilichokifunika.

Ugumu ninaouenzi zaidi uko katika kukagua kutokuwepo. Tuseme ujumbe wa kosa haupaswi kutokea baada ya malipo. Jaribio linatazama, halioni ujumbe, linatoa rangi ya kijani. Lakini lilitazama lini? Ukurasa ambao haujamaliza kupakia hauna ujumbe wa kosa, kama usivyo na risiti wala jina la mteja. Fundi mzuri hungoja kwanza risiti itokee, ndipo aulize kama kosa halipo. Agizo hilo moja la ziada ndilo linalolipa jibu uzito.

Kungoja kwenyewe kuna adabu yake. Wapo wanaoiamuru programu ilale sekunde 5, kisha iendelee. Mtandao ukiwa mwepesi, muda umepotea bure. Ukiwa mzito, jaribio linaanguka bila kosa lolote kwenye ukurasa, na baada ya wiki chache timu nzima imezoea kupuuza rangi nyekundu. Afadhali kungoja tukio lenyewe, na kuweka kikomo cha subira.

Tena kuna namna ya kukitafuta kipengele. Anayekitafuta kwa njia ndefu, div (kisanduku cha ukurasa) ya tatu ndani ya div ya pili, atavunjikiwa siku mbunifu atakapohamisha kisanduku kimoja. Anayekitafuta kwa kazi yake na jina lake, yaani kitufe kinachoitwa "Lipa", anakitafuta kama mtu anavyokitafuta. Programu za kusomea skrini zinazotumiwa na wasioona hutegemea taarifa hizo hizo, kwa hiyo jaribio likishindwa kukipata kitufe kwa jina, huenda na msomaji asiyeona ameshindwa. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi hii inapopata heshima yake kamili.

Basi wewe unayeandika majaribio haya, usiiamini rangi ya kijani kwa kuwa tu imetokea. Kabla hujalikabidhi jaribio lako, uharibu ukurasa makusudi: kifiche kitufe, kizime, kifunike. Jaribio lisipoanguka, lifute uandike jingine.